"Nizibie EGR, Fundi"

Wiki hii pekee nimeambiwa mara nne. Wa kwanza alikuwa dereva wa lori la chumvi kutoka Gongoni, wa pili mwenye matatu ya Malindi–Mombasa, wa tatu kijana wa pikapu ya samaki. Wa nne alinipigia simu akiwa bado Garsen: "Fundi, nafika alasiri. Nitafutie kibati unizibie EGR, yanila mafuta." Lori lina shida gani, hakusema. Dawa anayo tayari, anachotafuta ni mkono wa kushika spana.

Basi leo naandika, ili mwingine akipiga nimtumie hii nami niendelee na kazi. Sitakaa kueleza EGR ni nini. Anayetaka izibwe nadhani anajua ni ile vali inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye menifoldi ya hewa, injini ikauvuta tena.

"EGR inaua nguvu na kunywa mafuta"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inakuja na ushahidi. Mtu anaziba, lori linavuta, moshi mweusi unapungua, naye anakwenda kuwahubiria wenzake stendi. Alichokiona ni kweli. Sababu anayoitaja ndiyo si kweli.

Tuanze na nguvu. Katika injini nyingi za matatu, pikapu na malori madogo tunayoyaona hapa, ukikanyaga mafuta mpaka chini kompyuta inaifunga vali ya EGR yenyewe. Inafunguka gari likiwa limesimama injini inanguruma, au likienda mwendo wa kawaida bila kulemewa. Sasa niambie, unapita lori jingine na tani tano mgongoni, mguu umegusa sakafu, vali imeshafungwa: kibati chako kinazuia nini?

Inayowatesa ni EGR iliyokwama wazi. Masizi yanaganda kwenye kiti cha vali, vali haikai tena mahali pake, na moshi unaendelea kuingia hata pale injini inapotaka hewa safi yote. Oksijeni inapungua, dizeli haiungui ikaisha, nyuma kunatoka wingu jeusi. Lori halivuti, dereva anazidisha mguu, tangi linakauka. Ukiziba katika hali hiyo lazima uone nafuu. Lakini ungeiona nafuu ileile kwa kuisafisha vali ikafunga vizuri, au kwa kuweka nyingine. Hakuna aliyekuja kwangu na EGR nzima, inayofunguka na kufunga sawasawa, akaondoka baada ya kuizibisha na gari jipya.

Na kuna swali ambalo halinifikii hata siku moja: masizi hayo yametoka wapi?

Kuna lori liliwahi kuletwa kwangu likiwa limeshazibwa kwingine, miezi minne nyuma. Mwenyewe ananiambia lilikuwa likienda kama limetoka dukani, kisha likaanza kukohoa na kurudi ugonjwa wake. "Labda kibati kimetoboka," akasema. Hakikuwa kimetoboka. Nikafungua bomba linalotoka kwenye tabo, ile feni inayosukuma hewa kwenye injini, kwenda intakula inayoipoza hewa hiyo, ikamwagika oili ya kujaza kikombe. Nikashika shafti ya tabo, inacheza. Nikaitazama brida, njia ya injini ya kupumulia, imeziba tii kama bomba la jikoni. Nikapima kwa vichupa dizeli inayorudishwa na noseli, zile zinazoipulizia dizeli kwenye silinda; ya silinda ya tatu inarudisha mara mbili ya wenzake. Hayo yote yalikuwapo siku ile lilipozibwa, na EGR ndiyo iliyokuwa ikilia kwa niaba yao. Walipoinyamazisha, mwenye lori alipata miezi minne ya furaha, halafu akanunua tabo.

Hapa naomba mnivumilie, maana brida ndiyo wimbo wangu na mafundi wenzangu wananicheka kwa ajili yake. Masizi makavu peke yake hupita kwenye menifoldi kama vumbi, mengi yanakwenda zake. Yanachohitaji ili yashike ni kitu cha kunata, na kitu hicho ni mvuke wa oili unaotoka kwenye krenki kupitia brida na kurudishwa kwenye njia ya hewa. Masizi na oili vikikutana mnapata ule uji mweusi kama lami ambao ninaukwangua kwa bisibisi mpaka menifoldi iliyokuwa na tundu la kupita vidole vitatu inabaki ya kupita kimoja. Ukiziba EGR umeondoa masizi, oili bado inaingia. Ukisafisha brida, ukaangalia tabo na noseli, umepunguza vyote viwili. Kwa nini watu wanapenda kuanza na kibati? Kwa sababu kibati ni nusu saa na bolti mbili.

Sikatai, EGR ina dhambi zake. Masizi yanayorudi ndani mengine yanaishia kwenye oili, ndiyo maana oili ya dizeli yenye EGR inakuwa nyeusi upesi. Dawa yake ni kubadilisha oili kwa wakati. Mimi huwaambia wenye malori ya hapa wasipite kilomita 5,000, hata kama kitabu kinasema zaidi, kwa sababu kitabu hakikuandikwa kwa lori linalobeba chumvi kwenye joto na vumbi la njia ya Marereni. Na zimeni injini! Malori ya Lamu yanasimama njiani yakingoja kusindikizwa, dereva amelala ndani na injini inanguruma saa nzima. Injini inayonguruma gari limesimama inachoma kwa ubaridi, vali iko wazi, masizi yanajipanga. Ukifika Mokowe umeshatengeneza nusu ya ugonjwa utakaoniletea.

Kuhusu mafuta, kompyuta ya injini yenye EGR imepangwa ikijua moshi kiasi gani unaingia. Muda wa kupiga noseli, tabo, kiasi cha dizeli, vyote vimefuatana na hesabu hiyo. Ukiziba bila kuigusa kompyuta, kipima hewa kinaona hewa nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na kwenye magari mengi utakutana na P0401, msimbo wa hitilafu wa EGR isiyopitisha moshi wa kutosha, na taa ya injini. Mengine yanajipunguza nguvu yenyewe mpaka hitilafu iondolewe. Ndipo mtu anarudi kusema sasa lori halivuti kabisa, na kwamba kibati kilikuwa kibovu.

"Kibati chenye tundu dogo kinaidanganya kompyuta"

Kwenye baadhi ya magari taa inazimika, ndiyo. Kwenye mengine hata tundu halisaidii, maana kompyuta inapima kwa kipima hewa, kwa joto, au kwa nafasi ya vali yenyewe. Unabaki unachimba: tundu la milimita 6, kesho 8, keshokutwa 10. Mwisho umeirudisha EGR kwa drili.

"Lori linachemka kwa sababu ya EGR"

Hapa pana ukweli nusu, na nusu hiyo ndiyo hatari. Malori mengi yana kipoza cha EGR kinachopitisha maji ya rejeta, kwa hiyo moshi ule unaongeza joto kwenye maji. Kipoza kikitoboka ndani, maji yanapungua bila tone kuonekana chini, na asubuhi unawasha unapata moshi mweupe. Mtu anasikia "kipoza cha EGR", anaziba EGR upande wa menifoldi, anadhani amemaliza. Tundu bado liko. Maji yanaendelea kupita kwenda upande wa ekzosi, na anaendelea kuongeza maji ya bomba kila kituo. Na kipoza kinachovujia upande wa hewa kinaweza kujaza maji kwenye silinda gari likiwa limesimama. Maji hayabanwi, ukipiga stata unapinda kono la pistoni.

Kipoza kinapimwa hivi: kitoe, ziba njia zake, tia hewa kidogo, kitumbukize kwenye beseni la maji. Mapovu yatakuambia. Haihitaji mashine ya bei kubwa.

Wanaosema ndani ya silinda kunapoa ukiziba, wameshika kinyume. Kazi ya moshi ule ni kupunguza ukali wa mwako. Moshi una oksijeni kidogo, na kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji vilivyomo vinanyonya joto. Ukiuondoa, kilele cha joto cha mwako kinapanda.

"Moshi umepungua, basi gari ni safi"

Mnaangalia rangi. Hewa tunayovuta ni naitrojeni kwa asilimia 78, nayo kwa kawaida haina ugomvi na mtu. Mwako ukipita takriban nyuzi 1,500 naitrojeni na oksijeni zinashikana kwa wingi, na hapo ndipo zinapatikana oksaidi za naitrojeni. EGR iliwekwa kwa ajili hiyo tu. Gesi hizo huzioni zikitoka kwenye bomba, lakini zinawasha mapafu, na jua kali kama letu linazisaidia kutengeneza ozoni karibu na ardhi. Mwenye mtoto wa pumu karibu na stendi hana haja ya kuelezwa.

Mnaponiambia "hata Wazungu wanadanganya", mnamaanisha Volkswagen, na mwaka 2015 kweli walinaswa Marekani wakiwa wameweka programu iliyotambua gari linapimwa na kulifanya lijitakase kwa muda huo tu. Barabarani baadhi ya magari yalitoa oksaidi hizo hadi mara 40 ya kiwango kilichoruhusiwa. Wakalipa mabilioni ya dola. Sijui ni mfano wa kuiga vipi. Sisi pia tuna Kanuni za Ubora wa Hewa, chini ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, na gari la biashara linapita ukaguzi. Kama hamjakamatwa, ni kwa sababu jicho la mkaguzi linaona moshi mweusi peke yake.

"Hata Scania wameitoa"

Huyu alikuwa amesoma, nikamheshimu. Ni kweli, Scania walitoa injini za Euro 6, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, zisizo na EGR, na Iveco nao walienda njia hiyo. Lakini walipoiondoa waliweka mfumo mzito wa AdBlue, kimiminika cha urea kinachopuliziwa kwenye ekzosi, wa kuzivunja oksaidi zile baada ya kutoka, na wakapanga kompyuta upya tangu mwanzo. Wewe umeondoa, umeweka nini? Na kama lori lako lina vyote viwili, EGR na AdBlue, kuziba kimoja kunamwongezea mwenzake kazi: AdBlue itaisha upesi, na ukishindwa hapo lori litajifunga mwendo.

"Dizeli yetu chafu, EGR ni ya kwao"

Tangu 2015 Kenya imekuwa ikiagiza dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni. Zamani ilikuwa 500. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni balaa jingine, na ndiyo sababu mwaka 2018 ikawekwa tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Mchanganyiko huo unaua pampu na noseli, kwa sababu mafuta ya taa hayalainishi. Noseli ikifa masizi yanaongezeka, masizi yakiongezeka EGR inaziba. Ukinunua mafuta ya madumu njiani, usije kuilaumu vali.

"Kibati chochote kinafaa"

Nimetoa kwenye lori kibati kilichokatwa kwenye bati la paa. Zinki inayopakwa kwenye bati huyeyuka kwenye nyuzi 420, na ekzosi ya lori lenye mzigo inapita hapo bila taabu. Kikishaliwa kinakatika vipande, na kikiwa upande wa menifoldi vipande vinajua njia moja tu, nayo ni ya kwenda kwenye vali na pistoni. Kopo la soda ndilo sitaki hata kulitaja.

"Tia petroli kwenye menifoldi ikiwa inanguruma, inajisafisha"

Hili nimelisikia kwa vijana wawili sasa, na si la kucheka. Injini ya dizeli haizimwi kwa kukata cheche kama ya petroli, huzimwa kwa kukatiwa dizeli. Ikipata cha kuchoma kutoka kwenye menifoldi, iwe petroli au ule uji wa oili ulioloweka, itakichoma na kupanda mizunguko yenyewe. Ufunguo unageuza, haizimiki. Menifoldi na vali husafishwa zikiwa zimetolewa, kwa dawa ya kuyeyusha masizi na brashi, gasketi mpya zikirudishwa. Na kama umeshafanya na injini inalia, ingia ndani, kanyaga klachi, weka gia kubwa kabisa, shikilia breki kwa nguvu, achia klachi mpaka izimike. Ikishindikana, mtu azibe mdomo wa kuvutia hewa kwa ubao au kitabu kigumu. Asizibe kwa kiganja, na asisimame mbele ya tabo.