Je, wajua kwa nini mchele wa Shinyanga huvuka Sirari bila ushuru, na wa Pakistan hulipishwa?

Pale Sirari, mpakani mwa Mara na Kenya, magunia mawili ya mchele yanaweza kupishana siku moja. La kwanza limetoka Shinyanga, likapitia Mwanza, linaelekea Kisumu. La pili limenunuliwa Kisumu linakuja Mwanza, ila mchele wenyewe ulilimwa Pakistan. Tanzania na Kenya zote zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tunaambiwa biashara kati yetu ni huria. Mbona basi gunia moja linapita bila ushuru wa forodha na jingine linadaiwa?

Ni kwa sababu mkataba wa forodha wa Jumuiya haujali umenunua duka gani wala una pasipoti ya wapi. Unauliza bidhaa imezalishwa wapi, yaani uasili wake.

Umoja wa Forodha wa Jumuiya ulianza kazi Januari 1, 2005, ukiwa na Tanzania, Kenya na Uganda. Nchi hizo zilikubaliana kufuta ushuru wa vinavyozalishwa ndani, na kutoza viwango vya pamoja kwa vinavyotoka nje: asilimia 0 kwa malighafi nyingi, 10 kwa bidhaa za kati, 25 kwa zilizokamilika. Mwaka 2022 kikaongezwa kiwango cha 35. Vipo pia vitu vinavyolindwa zaidi, na mchele ni kimojawapo: asilimia 75.

Hapo ndipo mambo yanaponoga. Kenya, ambayo hailimi mchele wa kuitosha, imekuwa ikiruhusiwa kutoza asilimia 35 tu. Kwa hiyo mchele wa Pakistan huingia Mombasa kwa ushuru mdogo kuliko ukiingia Dar es Salaam. Kama uasili usingeulizwa, nani angepitishia mzigo wake Dar? Wote wangezungukia Mombasa, washukie Sirari, na mkulima wa Kahama aambiwe ashindane nao. Kwa maoni yangu ruhusa za namna hii ndizo zinazoutoboa umoja wenyewe, maana viwango vya pamoja vyenye misamaha ya kila nchi si vya pamoja tena.

Na samaki je? Sangara hana kitambulisho, leo yuko upande wa Ukerewe, kesho yuko kwingine. Sheria haisumbuki naye: akivuliwa katika maji ya Tanzania ni wa Tanzania. Dagaa wanaofungwa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, wakivushwa kwenda Kenya au Uganda hawadaiwi ushuru wa forodha, mradi kuna karatasi ya kuthibitisha asili yao.

Karatasi hiyo ni cheti cha uasili. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani kipo cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa na forodha palepale mpakani kwa bidhaa zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Inauma kuona mtu akipita njia za panya na magunia ya maharage ambayo hata hivyo hayadaiwi ushuru huo, akihatarisha mtaji wote kwa kukwepa deni lisilokuwepo.

Tusidanganyane lakini: kutodaiwa ushuru wa forodha si kupita bure. Kodi ya ongezeko la thamani hutozwa na nchi mzigo unakoingia, kama bidhaa haina msamaha. Kuna vibali vya afya ya mimea na mifugo, vipimo vya ubora, na wakala wa forodha naye anataka chake.

Waasisi walijua pia kwamba soko likifunguliwa, mwenye kiwanda kikubwa hutangulia. Ndiyo maana kwa miaka 5 ya mwanzo bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kulipa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ukipungua kila mwaka hadi 2010, wakati bidhaa za nchi hizo mbili ziliingia Kenya bure tangu mwanzo.

Kinachokwamisha biashara siku hizi mara nyingi si ushuru. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka. Ushuru ulikuwa sifuri, cheti cha uasili kipo, na malori bado yalikwama. Siku chache baadaye zuio liliondolewa, ila wenye mahindi wakatakiwa kuwa na cheti kingine, cha kupimwa sumukuvu.