Maana ya picha rasmi za watoto wa wakubwa

Picha rasmi ya mtoto ni picha inayomchora mtoto ili kutangaza nasaba, mali na mirathi ya familia yake. Barani Ulaya, hasa kati ya karne ya 16 na ya 18, wafalme na makabaila waliwatumia wachoraji mahiri kwa kazi hiyo. Ukitaka kuielewa, usiishie usoni. Tazama mavazi na mikono.

Mwaka 1538 Hans Holbein alimchora Edward, mwana wa Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza. Mtoto alikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, lakini amechorwa wima kama mtu mzima, na joho jekundu lenye nakshi za dhahabu na kofia yenye unyoya. Mkono mmoja umeshika njuga ya dhahabu, kitu cha kumbembelezea mtoto mchanga, ila hapa imeshikwa kama fimbo ya enzi. Mkono wa pili umeinuliwa, kiganja wazi, mithili ya mtawala anayehutubia raia. Chini yake kuna beti za Kilatini zinazomhimiza afuate nyayo za baba yake: akimzidi, atakuwa amewapita wafalme wote. Henry alikuwa ameoa mara tatu ndipo akampata mrithi huyo wa kiume, kwa hiyo ujumbe ulieleweka bila tafsiri: kiti kina mwenyewe. Holbein alimtunuku mfalme picha hiyo Mwaka Mpya wa 1539.

Nchini Hispania picha kama hizi zilifanya pia kazi ya posa. Binti mfalme Margarita aliahidiwa kuolewa na mjomba wake Leopold, mtawala wa Austria, huko Vienna, angali mdogo, na picha zake zilizochorwa na Diego Velázquez zilipelekwa huko ili wakwe waone anavyokua. Katika ile ya 1659 ana miaka minane, kavaa gauni la buluu lililotanuka kiunoni kuliko upana wa mabega yake mara kadhaa. Kwangu mimi gauni hilo linasema mengi kuliko kito chochote. Huwezi kukimbia nalo, huwezi kuchota maji wala kuchunga mbuzi. Aliyelivaa ana watu wa kumfanyia kila kitu. Waliolipia picha walitaka hilo lionekane, hata kama mtoto mwenyewe alichoka kusimama.