Simulesheni za mtandaoni: meneja anajifunzaje kuamua na wenzake

Maombi ya mafunzo yanayofika kwenye kitengo chetu mengi yanafanana, ofisi inaandika kwamba mameneja wetu hawakai wakaamua kwa pamoja, kila idara inavutia kwake, tunaomba semina ya siku mbili. Na semina ikifanyika ni ile ile tunayoijua wote, slaidi, chai ya saa nne, mtoa mada anasisitiza ushirikiano, watu wanaandika neno ushirikiano kwenye daftari alafu jumatatu kila mtu anarudi kwenye idara yake na mambo yanaendelea kama kawaida. Siku hizi nawaambia wazi, kama mnataka meneja ajue kuamua na wenzake mpeni nafasi aamue na wenzake, aharibu, aone alivyoharibu, na pasiwepo hela ya mtu iliyopotea. Rubani hakabidhiwi abiria kwa sababu tu kasoma kitabu, anaanza na mashine inayoiga ndege. Kwa mameneja mashine hiyo ipo, ni simulesheni za mtandaoni.

Tunaongelea programu inayofunguka kwenye brauza, kila mshiriki ana skrini yake na cheo chake, mnaamua raundi kwa raundi na kompyuta inawarudishia matokeo ya mlichoamua. Laptopu ya ofisini na bando la kawaida vinatosha, na mmoja anaweza kuwa Mwanza mwingine Mtwara.

Nianze na ya zamani kuliko zote ninazotumia, mchezo wa bia. Ulibuniwa kwenye chuo kikuu cha MIT kule Marekani kwenye kundi la Profesa Jay Forrester, mwanzoni ulichezwa mezani kwa vibao na makaratasi, siku hizi uko mtandaoni. Wachezaji ni wanne, wa rejareja, wa jumla, msambazaji, na kiwanda. Kila wiki unapokea oda kutoka kwa aliye mbele yako, unapeleka mzigo, unaagiza kwa aliye nyuma yako. Kreti iliyolala stoo inakugharimu nusu dola kwa wiki, kreti unayodaiwa dola 1. Na hamruhusiwi kuongea, unachokiona ni skrini yako tu.

Sasa muangalie huyu wa rejareja. Ana kreti 12 stoo, kila wiki wateja wanachukua 4, zinaingia 4, maisha yanaenda. Wiki ya 5 wateja wanataka 8. Stoo inashuka kutoka 12 inakuwa 8, wiki inayofuata 4, inayofuata hakuna kitu, na oda aliyoongeza bado haijafika manake oda inachukua wiki kadhaa kupanda juu na mzigo wiki kadhaa kushuka. Anaanza kuogopa, anaagiza 16, kimya, anaagiza 24, kimya. Wa jumla akiona oda zinaruka vile anajua biashara imewaka, naye anaongeza za kwake za tahadhari, msambazaji hivyo hivyo, kiwanda ndo kinawasha mitambo yote. Alafu mzigo unaanza kushuka, wote kwa mpigo, stoo zinafurika, kila mtu anaagiza sifuri na kiwanda kinakaa bila kazi wakati wiki chache nyuma kilikuwa kinalaumiwa kwa uvivu.

Mchezo ukiisha nawapa karatasi, nawaambia choreni mnavyofikiri wateja walikuwa wananunua. Msambazaji na kiwanda karibu kila mara wanachora mawimbi, juu chini juu chini, wana uhakika kabisa kwamba wateja walikuwa vigeugeu. Ndo nawaonesha namba halisi, 4 kwa wiki, ikapanda 8 mara moja tu, ikakaa hapo hapo mpaka mwisho. Chumba kinanyamaza. Mawimbi yote waliyatengeneza wenyewe, watu wenye akili timamu, kila mmoja akifanya kitu kinachoingia akilini ukikaa kwenye kiti chake. John Sterman wa MIT alichapisha uchambuzi wa mchezo huu mwaka 1989 na akakuta gharama za makundi kwa wastani zilikuwa kama mara 10 ya zile ambazo zingewezekana. Na sio mambo ya darasani tu, Procter & Gamble waliwahi kukuta oda za nepi za Pampers zinayumba sana kwa wasambazaji wakati watoto wanatumia nepi kwa kasi ile ile.

Hapo huwa kuna mtu anasema, mkufunzi, tatizo ulitukataza kuongea, tungeongea tungepona. Ni kweli kwa kiasi fulani, tukirudia huku kila mtu anaona namba za wateja gharama zinashuka. Lakini wazo kwamba watu wakikaa meza moja basi taarifa zitatoka zenyewe sio sahihi, na hapa ndipo wanapokosea hata viongozi wazoefu.

Kwa hilo kuna simulesheni ya Everest, imetengenezwa na Michael Roberto na Amy Edmondson na inatolewa na Harvard. Mko watano, kiongozi, daktari, mpiga picha, mwanamazingira na mkimbiaji wa marathoni, mnapanda mlima kwa siku 6 za kwenye kompyuta ambazo kiukweli zinaisha ndani ya saa moja na nusu hivi. Humo mnaruhusiwa kuongea mpaka mchoke. Ila kila mmoja ana taarifa ambazo mwenzake hana, za afya, za hali ya hewa, za vifaa, na kila mmoja ana malengo yake mengine yanagongana na ya wenzake, mmoja anataka abaki kambini siku ya ziada, mwingine anataka kilele. Waandaaji walivuta funzo kwenye msiba wa kweli, Mei 1996, ambapo dhoruba iliua watu 8 mlimani wakiwemo viongozi wawili wazoefu sana, Rob Hall na Scott Fischer. Saa nane mchana ilikuwa imetajwa kama muda wa kugeuka hata kama kilele unakiona, na watu waliendelea kupanda baada ya hapo.

Kinachotokea kwenye makundi ninayosimamia ni hiki. Kiongozi anafungua kikao kwa kusema naona leo tupande, mnasemaje? Wote wanasema sawa. Daktari ana kipande cha taarifa kwenye skrini yake ambacho kingebadilisha uamuzi mzima, hakisemi, sio kwamba anaficha, ila mkuu kashasema na wenzake wameitikia na yeye anajiona labda hajaelewa vizuri. Kompyuta inahifadhi nani alikuwa na taarifa gani, kwahiyo baadae hakuna ubishi wa nilisema hukusikia.

Wanasaikolojia wanalijua jambo hili miaka mingi. Garold Stasser na William Titus mwaka 1985 waliwapa makundi ya wanafunzi kazi ya kuchagua mgombea. Wote walipokuwa na taarifa zote, zaidi ya asilimia 80 ya makundi yalimchagua aliye bora. Taarifa zile zile zilipogawanywa vipande, huyu ana hiki yule ana kile, makundi yaliyompata hayakufika hata robo, ingawa kwa pamoja mezani walikuwa na kila kitu. Watu wanapenda kuongelea kile ambacho wote wanakijua tayari. Kwenye ofisi zetu ongezea na heshima ya cheo na umri, kijana wa mwaka wa kwanza kazini amwambie mzee wa idara kwamba namba zake zimepitwa na wakati? Ni ngumu, na nisingependa tujifanye ni rahisi.

Kwahiyo ukiandaa zoezi hili, bosi wa kweli usimpe uongozi wa kundi, mpe mpiga picha au mkimbiaji, na uongozi mpe mtu wa chini yake. Mabosi wengi wanakubali ukiwaeleza mapema, pembeni, sio mbele za watu. Kiongozi wa kundi aongee wa mwisho. Na muda wa kujadili baada ya mchezo uwe sawa na muda wa mchezo au zaidi, hapa ndo pesa nyingi za mafunzo zinapotelea, watu wanacheza wanacheka wanapiga picha ya pamoja wanaondoka, hawajajifunza chochote zaidi ya kujua nani kashinda. Maelezo ya vyeo mengi ni ya Kiingereza, yaandike kwa Kiswahili mapema, la sivyo atakayeongea ni yule mwenye Kiingereza kizuri na sio mwenye taarifa.

Kitu kingine, usiwape alama wala usipeleke matokeo HR, idara ya rasilimali watu. Edmondson huyu huyu kwenye utafiti wake wa mahospitali, uliotoka 1996, alikuta timu zilizokuwa na mahusiano mazuri ndizo zilizoonekana kuwa na makosa ya dawa mengi zaidi, na maelezo aliyoyapata ni kwamba walikuwa hawaogopi kuyasema. Mshiriki akijua mchezo unaingia kwenye faili lake atacheza kwa kujilinda na utakuwa umepima woga tu.

Gharama watu wanaiulizia sana. Ya Everest inalipiwa kwa kila mshiriki. Kama bajeti haipo anza na En-ROADS, simulesheni ya tabianchi ya shirika la Climate Interactive na MIT Sloan, shule ya biashara ya MIT, iko wazi mtandaoni bure, mnagawana makundi, serikali, makampuni ya mafuta, nishati safi, viwanda, kilimo na misitu, watetezi wa haki za tabianchi, kila kundi linapendekeza hatua yake, mnaziingiza mnaona joto la dunia linafika wapi mwaka 2100. Raundi ya kwanza kila kundi huwa linapendekeza hatua inayomgharimu mwenzake, na joto linashuka kidogo sana. Waache waione hiyo namba kwenye skrini kubwa kwa dakika mbili bila kuwasemesha, alafu waambie raundi ya pili inaanza na wana nusu saa ya kuzungukiana mezani.