Je, wajua kwa nini jumba la sanaa huonyesha filamu za nchi za nje?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba jumba la makumbusho ya sanaa likionyesha filamu ya Iran au Senegal jioni, linatafuta wageni tu, kama linavyofungua mgahawa uani. Picha za ukutani ndizo kazi yenyewe. Sinema ni kiburudisho. Nilikosea kabisa.

Chukua Museum of Modern Art ya New York, MoMA, iliyofunguliwa mwaka 1929. Mkurugenzi wake wa kwanza, Alfred Barr, alitaka tangu mapema filamu iwe na idara yake kama uchoraji. Mwaka 1935 idara hiyo ikaanza, na Mwingereza Iris Barry, aliyewahi kuandika uhakiki wa filamu London, akakabidhiwa kuitunza. Enzi hizo filamu ikishamaliza zamu yake kwenye kumbi ilihesabiwa takataka. Kopi nyingi ziliyeyushwa ili kukamua madini ya fedha yaliyomo. Mtu angeweza kutazama mchoro wa miaka 400 iliyopita, lakini sinema ya miaka 10 tu nyuma asiipate popote. Barry akaenda Hollywood kuomba kopi, na mwaka 1936 akavuka bahari hadi Paris, Berlin na Moscow. Kwa hiyo filamu za kigeni zilikuwamo tangu msingi unachimbwa. Na kuonyesha ndiko kutundika: mkanda uliolala koponi haujawa picha bado. Jengo jipya la MoMA la mwaka 1939 lilijengwa na ukumbi wa sinema ndani yake.

Kukusanya peke yake hakutoshi, na hapa ndipo penye ajabu. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, mikanda ya kumbi za sinema kwa kawaida ilikuwa ya nitrati: pamba iliyopitishwa kwenye asidi ya nitriki, kisha ikalainishwa kwa kafuri, kafuri hiihii inayotiwa kwenye maji ya kuoshea maiti. Mkanda huo huanza kujila wenyewe. Unatoa gesi, gesi ikikutana na unyevu inakuwa asidi, asidi inauvunja mkanda, nao unatoa gesi zaidi. Ni kama deni la riba ambalo riba yake nayo inatozwa riba: miaka ya kwanza huoni kitu, halafu ghafla limekushinda. Picha inafifia, mkanda unanata, mwisho unabaki unga wa kahawia. Kopo likifungwa kabisa gesi haina pa kutokea, na mkanda mmoja mbovu huwaharibu majirani. Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Ukishika moto, unajitengenezea oksijeni yake, hivyo maji hayauzimi.

Baridi haiponyi, ila inachelewesha, kama jokofu kwa maziwa. Ndiyo maana mwaka 1996 MoMA ilifungua ghala maalumu huko Hamlin, Pennsylvania. Mkanda wa asili unabaki kwenye ubaridi, watazamaji wanaonyeshwa kopi.

Hasara ni kubwa. Utafiti uliotolewa na Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, mwaka 2013 ulikuta kwamba katika filamu ndefu bubu za Marekani, takriban 14% tu ndizo zilizosalia katika umbo lake la awali. Hesabu hiyo haigusi filamu fupi wala nchi nyingine, na baadhi ya zilizokosekana zipo kama kopi hafifu au matoleo ya nje, yaani yale yaliyopelekwa nchi nyingine.

Hayo matoleo ya nje yananisisimua kuliko yote. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba filamu 75 za Marekani zimepatikana New Zealand, mojawapo ikiwa Upstream ya mwongozaji John Ford ya mwaka 1927, iliyodhaniwa kupotea. New Zealand ilikuwa kituo cha mwisho cha usambazaji, na kuzirudisha kwa meli kungegharimu kuliko thamani yake. Zikabaki huko, zikisubiri kuonyeshwa tena.