Hapana, mtoto hatatoka na damu ya aliyembeba

Nimeulizwa tena, safari hii na mwalimu wa biolojia, kama mtoto aliyebebwa na mwanamke mwingine "atatoka na damu yake". Hapana. Na kwa vile nimechoka kulijibu swali hili kwenye korido, kwenye vikao vya harusi na hata kwenye daladala ya Mwanjelwa, naliandika hapa. Atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Ninazungumzia mimba ambayo yai ni la mke, mbegu ni za mume, na mji wa mimba tu ndio wa mtu mwingine, ninayemwita mbebaji. Wanaofika kwangu hapa Mbeya wengi walitolewa kizazi baada ya mji wa mimba kuchanika au kutokwa damu nyingi wakati wa kujifungua. Wachache walizaliwa bila mji wa mimba, hali inayompata takribani mwanamke 1 katika 5,000. Ovari zao ni nzima na mayai yapo (kutolewa kizazi si kuishiwa mayai, hilo sirudii). Mayai yanavunwa, yanarutubishwa maabara, kisha kiinitete cha siku 5 kinapitishwa kwa mrija mwembamba hadi ndani ya mji wa mimba wa mbebaji, ulioandaliwa kwa homoni za estrojeni na projesteroni. Kwenye ultrasaundi kinaonekana kidoti cheupe kikitoka kwenye ncha ya mrija. Kile ni kiputo cha hewa. Kiinitete chenyewe ni kidogo mno kuonekana. Wanandoa hukipiga picha hata hivyo, na mimi huwaacha.

Sasa damu. Siku ukiwa leba, chukua kondo la nyuma likiwa bado na joto, liweke kwenye beseni, lioshe upande uliokuwa umeshikana na mji wa mimba, halafu lipekue kwa vidole. Utakuta vijinyuzi laini visivyohesabika. Damu ya mtoto inapita ndani ya vijinyuzi hivyo, ya mbebaji inavizunguka kwa nje. Hewa na chakula vinavuka, uchafu unarudi. Na kondo lenyewe karibu lote limetokana na kiinitete, si na mwili wa mbebaji. Kwa hiyo hata hicho kiungo mnachodhani ndicho kinachomtia mtoto "damu ya yule dada" ni cha mtoto mwenyewe.

Huku kwetu tusingehitaji hata kupekua kondo. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wazima yakiwa asilimia 12.7 kwa jirani zetu wa Njombe, ya juu kuliko mkoa wowote. Kila muuguzi wa kliniki ya wajawazito anajua kwamba mama mwenye virusi, hata asipotumia dawa kabisa na akanyonyesha, anamwambukiza mtoto kwa uwezekano wa asilimia 15 hadi 45. Damu zingekuwa zinachanganyika miezi tisa, ni mtoto gani angepona? Halafu kuna hili linalowatoa jasho watu wa maabara: mbebaji wa kundi O anajifungua mtoto wa kundi AB. Kwa mimba ya kawaida O hazai AB, hivyo simu ya kwanza inayopigwa ni ya kuuliza nani kachanganya sampuli. Hakuna aliyechanganya.

Wa kanisani wananiletea Hajiri, mjakazi aliyemzalia Abramu kwa niaba ya Sarai. Someni vizuri Mwanzo 16, ndugu zangu. Hajiri alizaa mtoto wa yai lake mwenyewe, na Bilha, mjakazi wa Raheli, vilevile. Wale walikuwa mama wa watoto wao kwa vinasaba na kwa uchungu, tena walikuwa wajakazi ambao hakuna aliyewauliza.

Lakini wanaonikera zaidi ni waliosoma nusu, wanaosema mbebaji "hachangii chochote". Mzee mmoja wa usharika alinipa mfano wake kwamba ukipanda viazi kwenye shamba la kukodi huvuni mahindi. Sawa. Ila mbegu ileile ukiipanda Isyonje kwenye baridi na ukaipanda Kyela kwenye joto, mavuno hayafanani, na yeye ni mkulima, analijua hilo. Sukari ya mbebaji ikipanda, mtoto ananenepa tumboni. Akivuta sigara, mtoto anadumaa. Lishe, presha, pombe, malaria, vyote vinamfikia. Mazingira ya tumboni yanaweza pia kugusa namna baadhi ya jeni zinavyofanya kazi, bila kubadilisha jeni zenyewe. Kwa kiasi gani, na hadi umri gani, fani yetu haijakubaliana. Hata hiyo "damu haichanganyiki" ni sentensi ya darasani. Chembechembe chache huvuka pande zote mbili, nyingine hukaa mwilini mwa mwanamke kwa miaka mingi, na ndiyo maana mama mwenye damu ya Rh hasi tunamchoma anti-D, sindano inayozuia mwili wake kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Hakuna katika hayo linalompa mtoto pua ya mbebaji.

Linaloninyima usingizi ni mwili wake. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2024 ulikuta matatizo makubwa ya uzazi kwa asilimia 7.8 ya wabebaji, dhidi ya 2.3 kwa waliopata mimba kawaida na 4.3 kwa waliopandikiziwa kiinitete ili wazae watoto wao wenyewe. Hiyo ni Kanada. Mimi nafikiria kifafa cha mimba kikimkuta mtu Makete usiku wa mvua.

Karatasi nazo. Tangazo la kizazi, ile fomu ya kusajili mtoto aliyezaliwa, linaandikwa jina la aliyejifungua, basi. Afrika Kusini makubaliano yanathibitishwa na Mahakama Kuu kabla kiinitete hakijawekwa. Sisi hatuna sheria mahususi. Mkemia Mkuu anaweza kusema vinasaba ni vya mke huku cheti kikisema mama ni mdogo wake, na mimi siwezi kuwaambia wanandoa kwa moyo mweupe kwamba hilo litaisha salama. Muoneni mwanasheria kabla ya kuniona mimi.

Kwa hiyo wakija na mbebaji, awe mdogo wa mke au, kama inavyotokea, binti wa kazi aliyetolewa Iringa, nahakikisha ameshazaa salama angalau mara moja, kisha namwomba mama mkwe atusubiri nje. Huwa hapendi. Yule binti akiniambia hataki ila ameshindwa kukataa, natoka na kuwaambia vipimo vyake havijaruhusu, poleni sana, mtafuteni mwingine. Huo ni uongo, na kesho nitausema tena.