Je, wajua kwa nini kampuni ya bima hulipia gari la kumwokoa dereva aliyekwama?

Huku kwetu Kongo, lori likipata pane kati ya Lubumbashi na Kasumbalesa, mpakani na Zambia, konvoyeri, msaidizi wa dereva, hangoji kuambiwa. Anaruka chini, anakata matawi ya miti na kuyapanga barabarani, mbele na nyuma ya trela, ili wanaokuja wajue kuna hatari. Dereva naye yuko kwenye simu: kwa patroni, kwa fundi anayemfahamu, kwa ndugu aliye mjini amtafutie kipuri na kukituma kwa basi la kwanza litakalopita. Saa zinakwenda. Barabara yenyewe ina njia mbili tu, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na lori limeziba moja.

Katika majimbo mengi ya Marekani, dereva wa namna hiyo hufikiwa na gari ambalo huenda hata hakuliita. Hilo ni gari la doria. Linazunguka kwenye barabara kuu likitafuta waliokwama: linabadilisha tairi, linaamsha betri iliyokufa, linatia maji kwenye rejeta na kumpa dereva esansi kidogo ya kumfikisha kituo cha mafuta. Ikishindikana, linavuta gari hadi mahali pasipo na hatari. Halitozi chochote. Ila ukitazama ubavu wake, pembeni ya nembo ya serikali ya jimbo, mara nyingi utakuta jina la kampuni, na kwa kawaida kampuni hiyo ni ya bima.

Kampuni inapata nini kwa kumsaidia mtu ambaye pengine si mteja wake?

Kwanza tujue kwa nini serikali ina magari hayo. Si huruma. Wahandisi wa barabara walipima jambo ambalo dereva yeyote wa Lubumbashi analijua bila kupima: gari moja lililosimama huiba barabara kuliko ukubwa wake. Kwenye upande wenye njia tatu, ajali ikiziba njia moja, hesabu ya shuleni ingesema umepoteza theluthi. Vipimo vinasema unapoteza karibu nusu, kwa sababu wanaopita wanapunguza mwendo, wanabanana, wanageuza shingo kutazama. Kisha nyuma ya msongamano huo, mtu aliyekuja kwa kasi bila kujua anagonga wa mwisho kwenye foleni, na sasa una ajali mbili.

Ndiyo maana Chicago ilianza doria ya aina hii tangu 1960, na Los Angeles ikaanzisha ya kwake 1991. Atlanta, ikijua Michezo ya Olimpiki ya 1996 inakuja na magari yatajaa, iliunda kikosi chake kiitwacho HERO kabla ya wageni kufika. Huduma ni ya bure kwa sababu anayehudumiwa hasa ni yule aliye nyuma yako, anayetaka kupita. Fundi angeanza kupatana bei nawe pembeni ya barabara kuu, dakika zilizotafutwa zingeishia kwenye mapatano. Sisi tunayajua mapatano hayo, hasa usiku.

Basi nani alipe? Ulaya ilipata jibu lake mapema. Nchini Uingereza, chama cha wenye magari cha AA kilianza 1905, na Ujerumani chama cha ADAC leo kina wanachama zaidi ya milioni 20. Mwanachama hulipa ada yake kila mwaka, na gari likikataa kuwaka anapiga simu. Mpango mzuri, lakini unamtumikia mwenye kadi. Doria haiwezi kuanza kwa kuuliza kadi, maana gari la asiye na kadi linaziba njia sawasawa na la mwenye nayo. Kwa hiyo majimbo ya Marekani yalitumia kodi, na kodi ilipopungua, yakaanza kuangalia upande wa makampuni.

Kampuni zilikuwa tayari zimeonyesha njia. Mwaka 1978, katika jimbo la Massachusetts, ulianza mpango wa magari ya kusaidia waliokwama uliochukua jina la Msamaria, yule aliyemwinua mtu njiani kuelekea Yeriko wakati kuhani na Mlawi wamepita kando. Magari hayo baadaye yalijulikana kwa jina la CVS, kampuni yenye maduka ya dawa, iliyoyadhamini. Siku hizi jina linaloonekana mara nyingi ni State Farm, kampuni kubwa ya bima ya magari, ambayo imedhamini doria za Georgia, Florida na kwingineko.

Msamaria wa Biblia hakuandika jina lake kwenye punda. Kampuni inaandika, na hiyo ndiyo biashara yenyewe. Bango la barabarani unalipita kwa sekunde mbili, na unalisahau. Lakini mtu aliyesimama gizani na watoto kwenye kiti cha nyuma, malori yakipita na kulitikisa gari lake, akiona taa za njano zinakuja na kwenye mlango kuna jina, jina hilo halimtoki. Atalisimulia nyumbani na kazini. Wako wanaoongeza sababu ya pili: doria hupunguza ajali, na ajali zikipungua bima inalipa fidia chache. Ni kweli, lakini mimi siipi uzito sana. Faida hiyo inagawanyika kwa makampuni yote ya bima yenye wateja barabarani, wakati mdhamini analipa peke yake. Kinachomrudia yeye tu ni jina.

Serikali nayo inajua inauza nini, ndiyo maana imeweka mipaka. Kanuni za kitaifa za alama za barabarani huko Marekani zinakubali kibao cha kumshukuru mdhamini, lakini kinapaswa kuwa na jina au nembo peke yake: bila namba ya simu, bila anwani ya intaneti, bila maneno ya kusifu bidhaa. Mwongozo wa serikali kuu wa 2014 ukaongeza kwamba fedha zinazopatikana kwa udhamini ndani ya eneo la barabara kuu za kitaifa zitumike kwa kazi za barabara, zisipotelee kwenye kapu la jumla. Ni masharti ya watu wanaofahamu njia za pesa. Na kwa kawaida mchango wa mdhamini haubebi gharama yote. Unajazia tu, na sehemu kubwa inabaki kwa umma.

Sasa turudi kwetu. Nani angeweka jina lake kwenye gari la kuvuta malori njia ya Kasumbalesa?

Zamani swali hilo lisingekuwa na jibu upande wa bima. Kwa miongo mingi SONAS, kampuni ya serikali, ilikuwa peke yake nchini. Ukiwa na gari ulikwenda kwake ukipenda usipende, na asiye na mshindani hana haja ya kupendeza mtu. Sheria ya 2015 ilifungua soko, na kuanzia 2019 kampuni binafsi zikaanza kazi. Kampuni za bima zinazogombania wateja ndizo zinazotafuta mahali pa kuandika jina. Kampuni za simu zingefaa pia. Kiwanda cha bia kingekuwa na pesa, lakini jina la bia kwenye gari la ajali ni kichekesho ambacho madereva wetu wangekitunga wenyewe kabla ya saa sita mchana.

Wengi watataja makampuni ya migodi. Malori ya shaba na kobalti ni yao au yanabeba mali yao, na sheria ya madini ya 2018 inawataka watoe angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa miradi ya maendeleo ya jamii. Hapo mimi ningesimama. Pesa hiyo ni ya vijiji vinavyozunguka mgodi: visima, zahanati, shule. Mgodi ukiitumia kuondoa lori lililobeba shaba yake mwenyewe barabarani, kisha ukaandika jina lake ubavuni kama mfadhili, utakuwa umelipwa mara mbili. Wakitaka kudhamini doria, watoe mfuko mwingine.

Pia kuna mzigo ambao fundi mwenye jeki na kopo la esansi hawezi kuugusa. Februari 2019, katika mkoa wa Lualaba, lori la asidi ya salfa liligongana na magari mengine na watu wengi wakafa, baadhi yao kwa kuunguzwa na asidi. Doria ya huku ingehitaji watu waliofundishwa kazi hiyo, wenye nguo na vifaa vyake. Gharama yake si ya kuachiwa mwenye kutafuta jina. Ni ya anayesafirisha asidi.

Tena dereva wa huku tayari ameshalipa. Analipa peaje, ada ya kupita barabarani, na kila lita ya mazuti anayonunua ina tozo la FONER, mfuko wa kitaifa wa kutunza barabara ulioundwa kwa sheria ya 2008. Mtu akisema mdhamini aje, swali la kwanza ni kama atakuja juu ya pesa hizo au mahali pake. La pili ni la mwenye kutia saini: mkataba utasainiwa na mkoa, na FONER, au na kampuni inayoendesha peaje? Anayesaini ndiye atakayeulizwa mkataba wa udhamini ukimalizika, mdhamini ameondoka na jina lake, na lori bado limelala barabarani kabla ya Kasumbalesa.