Kuweka programu dhibiti huria kwenye NAS ya nyumbani: maana yake na inavyofanyika

NAS ni kisanduku chenye diski kuu moja au zaidi, kinachochomekwa kwenye ruta ili kompyuta, simu na televisheni za nyumbani zihifadhi na kusoma mafaili mahali pamoja. Kwa nje kinaonekana kama diski yenye waya wa mtandao, lakini ndani ni kompyuta kamili: kina prosesa, RAM, na chipu ya flashi iliyobeba mfumo wake wa uendeshaji. Mfumo huo ndio programu dhibiti, au famwea kama mafundi wengi wanavyoiita. Ndio unaoamsha diski, unaogawa folda kwenye mtandao, unaokuuliza neno la siri na unaoamua feni izunguke kwa kasi gani.

Kuweka programu dhibiti huria ni kuuondoa mfumo uliokuja na kifaa, au kuupita pembeni, na kuweka mwingine ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza. Kisanduku ni kile kile na diski ni zile zile. Aliyekuwa na kauli ya mwisho juu ya kifaa ni mtengenezaji. Sasa ni wewe.

Kauli hiyo ina uzito kwa sababu chuma na programu havizeeki pamoja. Bodi ya NAS inaweza kufanya kazi miaka kumi na zaidi, na diski ikifa inabadilishwa. Masasisho ya mtengenezaji huja miaka michache tu, kisha yeye huhamia kwenye modeli mpya, na tangu hapo kila tundu la usalama linalogunduliwa hubaki wazi. Juni 2021 watu wengi wenye WD My Book Live walikuta folda zao tupu: wadukuzi walikuwa wameviamuru vifaa hivyo, kupitia intaneti, vijirudishe katika hali ya kiwandani, navyo vikatii. Sasisho la mwisho la kifaa hicho lilikuwa la mwaka 2015. Ushauri wa Western Digital siku hizo ulikuwa kukichomoa kwenye intaneti.

Aprili 2024 ikawa zamu ya D-Link. Ilifichuka kwamba NAS zake kadhaa, zikiwemo DNS-320L na DNS-325, zina akaunti iliyojengewa ndani kwa jina la messagebus, isiyo na neno la siri, na kwamba kupitia akaunti hiyo mtu aliye mbali anaweza kutuma amri zikatekelezwa. Kampuni ilijibu kwamba vifaa hivyo vimefika mwisho wa huduma, havitarekebishwa, na wenye navyo wavistaafishe. Lakini DNS-325 hiyo hiyo inaweza kuendeshwa na Alt-F, mfumo huria wa Linux ulioandikwa na João Cardoso kwa ajili ya familia hiyo ya vifaa. Ukiwekwa, mlango ule haumo tena, kwa kuwa mfumo uliokuwa nao umeondoka. My Book Live nayo inaweza kuendeshwa na OpenWrt, mfumo huria wa Linux unaojulikana zaidi kwenye ruta.

Sababu nyingine haina kishindo lakini huwasumbua wengi zaidi. NAS za zamani hugawa mafaili kwa SMB1, itifaki ambayo kirusi cha WannaCry kilipenya kupitia udhaifu wake Mei 2017. Windows 10, kuanzia toleo la mwishoni mwa mwaka huo, haiiweki tena SMB1 yenyewe. Mtu anabadilisha kompyuta, NAS inapotea kwenye mtandao, naye anadhani imeharibika. Kumbe Samba iliyomo ndani, yaani programu inayogawa mafaili, ni ya zamani tu, na mfumo huria wenye Samba mpya unairudisha kazini.

Haya yote yanawezekana kwa sababu watengenezaji wengi hawakuandika mifumo yao kuanzia sifuri. Walichukua Linux, Samba na BusyBox (mkusanyiko wa amri ndogo za Linux), wakaongeza juu yake kurasa za mipangilio zenye nembo yao. Linux iko chini ya leseni ya GPL, inayomtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake. Linksys NSLU2, iliyotoka mwaka 2004, ndiyo iliyoonyesha wazi matunda yake. Ilikuwa na RAM ya megabaiti 32, flashi ya megabaiti 8 na milango miwili ya USB ya kuchomekea diski. Linksys ilipotoa msimbo, wapenzi wa kifaa hicho walitengeneza mifumo miwili: Unslung, ulioacha kazi ya Linksys mahali pake na kuifungua ili programu za ziada zikae kwenye diski, na OpenSlug, ulioitwa SlugOS baadaye, ambao uliiondoa yote. Baadaye hata Debian, mfumo kamili wa Linux wa kompyuta na seva, iliendeshwa humo. Flashi hiyo haitoshi leo kubeba picha chache za simu, na bado watu waliigeuza seva ya wavuti, ya muziki na ya barua. Mimi naiona kazi hiyo kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa yaliyofanywa na wapenda programu huria.

Ili kuelewa hatari iko wapi, lazima uone flashi ilivyopangwa. Chukua D-Link DNS-323. Ukiingia kwenye terminali yake (dirisha la kuandikia amri) na kuandika cat /proc/mtd, unaona megabaiti 8 zimegawanywa vipande vitano. Viwili vya kwanza, kilobaiti 64 kila kimoja, vinahifadhi mipangilio. Cha tatu, kilobaiti 1,536, ni keneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo. Cha nne, kilobaiti 6,336, ni mafaili ya mfumo. Cha tano, kilobaiti 192 tu, ni U-Boot.

Hicho kidogo cha mwisho ndicho cha kuheshimu. U-Boot huanza kazi mara umeme unapoingia: inaandaa RAM, inaisoma keneli kutoka kwenye flashi, inaiachia usukani, kazi yake imekwisha. Ukiharibu keneli au mafaili ya mfumo, U-Boot bado ipo na inaweza kupokea mfumo mwingine kupitia waya. Ukiiharibu U-Boot yenyewe, hakuna cha kuamsha chochote. Taa zinaweza kuwaka, lakini kifaa kimekufa. Baadhi ya chipu zina mlango wa dharura hata hapo. Za Marvell Kirkwood, zilizotumika kwenye NAS nyingi za nyumbani, zina sehemu ya kudumu inayoweza kupokea U-Boot kupitia waya wa siriali, ukitumia programu iitwayo kwboot. Lakini usianze kazi ukiutegemea mlango huo. Kabla ya kufuata mwongozo wowote, jiulize kwanza: unagusa U-Boot au hauigusi? Kwa anayeanza, chagua usioigusa.

Kina cha mabadiliko nacho hutofautiana. Kina cha kwanza, kilicho kifupi kabisa, hakibadilishi flashi. DNS-323 ilikuwa na tabia ya kufaa sana: kila inapowaka hutafuta kwenye diski faili liitwalo fun_plug, na likiwepo hulitekeleza kwa mamlaka yote ya msimamizi. Watu waliweka humo amri zao, wakaongeza SSH (njia ya kuingia kwenye kifaa na kukipa amri kupitia mtandao) na programu nyingine. Ukijuta, unafuta faili na kuwasha upya. Kwa njia hiyo hiyo Alt-F inaweza kujaribiwa kabla ya kuandikwa kwenye flashi, na sioni sababu ya mtu kuiruka hatua hiyo.

Kina cha pili ndicho kuflashi hasa: faili la mfumo mpya linaandikwa juu ya keneli na mafaili ya mfumo wa zamani, mara nyingi kupitia ukurasa ule ule wa masasisho wa mtengenezaji. Dakika hizo chache umeme usikatike. Kama umeme wako si wa kuaminika, tafuta UPS, yaani betri ya akiba, kwanza.

Kina cha tatu kinahusu NAS zenye prosesa za Intel au AMD. Hizi zina BIOS, programu ya kuwashia, kama kompyuta ya mezani, na nyingi zinakubali kuwashwa kutoka kwenye USB. Humo unaweza kuweka OpenMediaVault, iliyoanzishwa na Volker Theile juu ya Debian, au TrueNAS, mrithi wa FreeNAS ambayo Olivier Cochard-Labbé aliianza mwaka 2005. TrueNAS inataka RAM ya gigabaiti 8 kwenda juu, kwa hiyo kwa visanduku vidogo OpenMediaVault hukaa vizuri zaidi. Hapa hatari ya kuua kifaa ni ndogo sana, kwani mfumo wa zamani unaweza kubaki ulipo huku wewe ukiwasha kutoka USB.

Maandalizi yanakula muda kuliko kazi yenyewe, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Kwanza nakili mafaili yako yote kwenye diski nyingine isiyokuwa ndani ya NAS. RAID, yaani diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, haihesabiki hapa: inakulinda diski moja ikifa, haikulindi dhidi ya amri uliyoiandika vibaya. Kisha soma lebo iliyo chini ya kifaa. DNS-323 ilitoka kwa matoleo ya A1, B1 na C1, jina moja na sanduku moja, lakini bodi si zile zile. Faili sahihi la toleo lisilo lako ni faili baya. Ukishalipakua, lipitishe kwenye sha256sum, programu inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili, na ulinganishe tarakimu na zile zilizochapishwa na mradi.

Baada ya hapo nakili flashi yenyewe. Kila kipande ulichokiona kwenye /proc/mtd kinaweza kutolewa kama faili na kuwekwa kwenye kompyuta yako. Kwa flashi ya aina ya NAND tumia nanddump badala ya cat, kwa sababu NAND huwa na vipande vibovu tangu kiwandani na nanddump inajua kuvishughulikia. Nakala hii ndiyo tiketi yako ya kurudi. Bila hiyo, ukitaka mfumo wa zamani utabaki kumtegemea mtengenezaji ambaye huenda ameshaliondoa faili kwenye tovuti yake.

Ukiweza, tayarisha pia waya wa siriali. Kwenye bodi za NAS nyingi kuna pini tatu au nne zisizo na kitu: moja ya kutuma, moja ya kupokea, moja ya ardhi. Unaziunganisha na kompyuta kwa kigeuzi cha USB cha volti 3.3, unafungua terminali kwa kasi ya 115200, unawasha NAS. Maandishi yanaanza kushuka: U-Boot inajitambulisha, inataja ukubwa wa RAM, inahesabu sekunde chache kurudi nyuma. Bonyeza kitufe kabla hesabu haijaisha na U-Boot inasimama ikikungoja. Andika printenv ikuonyeshe mipangilio yake yote, uihifadhi mahali salama. Usiunganishe pini ya umeme, na usitumie kigeuzi cha volti 5, kwani chipu nyingi hazikivumilii.

Diski zenye data zinataka tahadhari ya pekee. NAS nyingi za Linux huunganisha diski kwa mdadm, programu ya RAID ya Linux, kwa hiyo mfumo mpya kwa kawaida huitambua RAID ya zamani. Amri ya mdadm --examine inasoma tu na kukueleza ilichokiona. Amri ya mdadm --assemble inaunganisha kilichopo. Amri ya mdadm --create inaandika vichwa vipya juu ya diski, na hapo ndipo data za watu hupotelea. Kurasa za mipangilio huficha amri hizi nyuma ya vitufe, kwa hiyo ukiona kitufe kinachotaja kuunda RAID mpya, ondoa mkono kwenye kipanya usome tena.

Wakati mwingine hata RAID ikiunganika, mafaili hayafunguki. My Book Live ina prosesa ya PowerPC, na mfumo wake wa awali uliiandaa ext4 (mpangilio wa mafaili kwenye diski) kwa vipande vya kilobaiti 64, ilhali Linux ya kompyuta ya kawaida, yenye kurasa za kumbukumbu za kilobaiti 4, kwa miaka mingi ilikataa kuifungua diski kama hiyo. Data ilikuwa nzima, na programu ya debugfs iliweza kuitoa faili kwa faili, lakini aliyelijua hilo baada ya kuflashi aliipata kwa jasho. Ndiyo maana nakala ya mafaili hutangulia.

Mfumo mpya ukishawaka, kagua feni kabla ya kufurahia chochote. Kwenye NAS za QNAP zenye prosesa za ARM, feni na taa husimamiwa na chipu ndogo ya pembeni, na Debian huzungumza nayo kupitia programu ya qcontrol. Isipokuwepo, feni huenda isifuate joto. Soma joto la diski kwa programu ya smartctl mara kadhaa siku ya kwanza, hasa wakati wa kunakili mafaili mengi.

Kuna vitu utavikosa. Programu ya simu ya mtengenezaji haitafanya kazi, wala huduma yake ya kufikia mafaili ukiwa mbali. Kama kifaa chako bado kinapata masasisho na kinakutosha, kiache kilivyo. Zima tu huduma usizozitumia. Na baadhi ya vifaa vipya hukubali mfumo wenye saini ya kiwanda peke yake. GPL toleo la 2, ambalo Linux inalitumia, hukupa msimbo lakini kwa kawaida huchukuliwa kwamba halimlazimishi mtengenezaji kukupa funguo za saini hiyo, kwa hiyo uliza kabla ya kununua.

Anayetaka kufikia mafaili yake akiwa safarini asifungue mlango wa SMB kwenye ruta, hata kama mfumo ni mpya. Aweke WireGuard, programu ya VPN inayopitisha data kwa siri kwenye intaneti, kwenye NAS yenyewe au kwenye ruta ya OpenWrt, afungue mlango huo mmoja wa UDP, na folda zibaki zikionekana kwa vifaa vyenye ufunguo wake tu.